Tafuta Mkuyu Uliozaa: Mwongozo wa Asubuhi ya Ndege Garsen na Bonde la Tana

Basi la Lamu likisimama Garsen, abiria hushuka kunyoosha miguu, hununua maji na chochote cha kutafuna, kisha hupanda tena. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kubaki. Utahitaji usiku mmoja katika lojing ya kawaida, kiongozi mwenyeji, na moyo wa kuamka kabla ya adhana ya alfajiri. Kamera ya bei kubwa si sharti. Darubini ina faida kuliko kamera, na masikio yana faida kuliko vyote viwili.

Kwa nini mwisho wa Machi

Sisi hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya, lakini tuna maleleji: zile wiki kaskazi inapolegea na kusi haijashika, joto limebana na mawingu ya masika yanajikusanya. Kuanzia mwisho wa Machi hadi wiki ya kwanza au ya pili ya Aprili, mambo mawili hukutana katika bonde la Tana. Wageni waliokuja kukimbia baridi wanajiandaa kurudi kaskazini, na wenyeji wanaanza kujenga viota.

Mfano mzuri wa mgeni ni kijindege cha matete cha Basra (Acrocephalus griseldis). Ni kidogo, cha kahawia, hakina urembo wowote, na ukikiona bila kuambiwa hutakitazama mara ya pili. Huzaliana karibu vyote katika mabwawa ya matete ya Iraki, yale ambayo serikali ya Saddam Hussein iliyakausha miaka ya 1990, na kimo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Miezi ya baridi huipitisha Afrika Mashariki, na vichaka vya delta ya Tana ni miongoni mwa makazi yake muhimu. Kabla ya kuondoka huanza kuimba, na hapo ndipo unapoweza kukipata. Mwanzoni mwa Aprili pia hupita wale ndege wa buluu wenye mgongo wa kahawia (Coracias garrulus) wakielekea Ulaya na Asia. Watafute juu ya nyaya na miti mikavu kando ya barabara, hata kabla hujafika msituni.

Wako wanaousifu Januari. Ni kweli ndege wa maji huwa wengi mwezi huo. Lakini Januari nyimbo ni chache, na msituni ndege asiyeimba ni sawa na asiyekuwepo.

Usichelewe sana kuingia Aprili. Masika ikishika, udongo mweusi wa delta hugeuka utelezi ambao hata bodaboda huukataa. Tena mto huu una tabia yake: maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, kwa hiyo unaweza kufurika Garsen chini ya mbingu kavu, kwa sababu mvua ilinyesha juu huko siku zilizopita au mabwawa ya Seven Forks yamejaa hadi yanamwaga. Kabla ya kukata tiketi, mpigie simu mtu aliye Garsen umuulize mto umefika wapi. Utabiri wa hali ya hewa wa Malindi hautakuambia.

Kwa nini ukae, usitembee

Msitu wa Tana ni ukanda mwembamba. Unaishi kwa maji ya mto tu. Ukiupa mto mgongo na kutembea kidogo, unatokea kwenye nyika kavu ya migunga, mikoma na mathenge. Ndege wa msitu hawana pa kwenda, kwa hiyo wamebanana ndani ya ukanda huo, na chakula chao kikubwa ni matunda. Mkuyu mmoja uliozaa huwavuta kutoka pande zote: hondohondo, ninga, turako, shore, kuzi. Nyani na mbega nao huja, wakiangusha matunda ambayo ndege wa chini huyaokota.

Sasa fikiria unachofanya unapotembea. Majani makavu yanalia chini ya viatu, kima anakuona na kupiga kelele, na msitu mzima unajua umefika. Unapata mikia inayoyoyoma. Ukikaa mahali pamoja nusu saa, kelele hizo hufa na ndege hurudi kwenye shughuli zao. Wapigapicha wageni wengi huona kukaa ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe.

Siku moja kabla: hatua kwa hatua

1. Fika Garsen, au Minjila iliyo jirani, mchana, si usiku. Kutoka Malindi ni kilomita mia moja na kidogo za lami.

2. Tafuta kiongozi mwenyeji kabla ya kutafuta ndege. Shirika la Nature Kenya limefanya kazi na jamii za delta kwa miaka mingi, na vikundi vya uhifadhi vya vijiji vinajua nani ana macho ya ndege. Patana bei mapema, mbele ya mtu wa tatu ikiwezekana, na ujue kama nauli ya bodaboda au mtumbwi imo ndani yake.

3. Jitambulishe kwa chifu au mzee wa kijiji. Sababu si adabu peke yake. Mapigano kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma ya mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 yaliua zaidi ya watu mia moja katika delta hii, na barabara ya kuelekea Lamu ina vizuizi vya polisi kwa sababu za usalama. Mgeni anayechomoza kichakani gizani akiwa na kitu kirefu mkononi anaogopesha. Ukijulikana tangu jana, wewe ni yule mtu wa ndege.

4. Mchana huohuo, nenda na kiongozi mkatazame miti. Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka. Tafuta mkuyu wenye matunda yanayogeuka rangi, si ya kijani tupu. Angalia chini: matunda yaliyodonolewa na vinyesi vyenye mbegu ndogondogo ni ushahidi kwamba mti unatumika.

5. Chagua pa kukaa. Asubuhi jua liwe mgongoni mwako, maana yake ukae mashariki ya mti ukitazama magharibi. Usikae chini ya mti wenyewe, utaumia shingo na utapiga picha za matumbo. Rudi nyuma hatua thelathini au arobaini, penye kichaka cha kukuficha mgongo. Mtoni kanuni ni ileile: kwa kuwa Tana hapa kwa jumla unashuka kusini, ukingo wa mashariki ni wa asubuhi na wa magharibi ni wa alasiri. Lakini mto huu hupindapinda, kwa hiyo thibitisha kwa macho.

6. Usiku chaji betri, futa kadi, na pakua kwenye simu programu ya kutambulia ndege ya Merlin pamoja na furushi la ndege wa Kenya. Mtandao wa msituni hautakusaidia. Mwenye kupenda kitabu achukue kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki.

Mwenye siku mbili zaidi anaweza kupanda juu ya mto, njia ya Hola, hadi kwenye misitu ya Mchelelo, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Wanyama hao wawili hawapatikani kokote duniani nje ya misitu ya mto Tana. Msitu huko ni mzito kuliko wa Garsen na ndege wa kivulini ni wengi. Uliza taratibu na ada kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kabla ya kwenda.

Asubuhi yenyewe

1. Saa kumi na moja na nusu. Ondokeni. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu au ielekeze chini. Viboko hula nyasi nchi kavu usiku na hurudi majini saa hizihizi, kwa hiyo kiongozi atangulie, na msisimame kamwe kati ya njia ya kiboko na mto.

2. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Keti mahali ulipochagua. Kamera iache mapajani. Sikiliza. Kabla ya mwanga utasikia bundi, kisha dudumizi na sauti yake kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, kisha njiwa: tetere kwanza, pugi akifuata na mlio wake unaoshuka na kuharakisha. Andika unachosikia, hata kama hujui jina. Andika tu “filimbi tatu, ya mwisho ndefu”.

3. Saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Jua linachomoza. Hondohondo watatangulia, na utawasikia kabla ya kuwaona, maana hulia mfano wa mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, na mabawa yao hufanya upepo wa kusikika. Wacha watue. Usiinue kamera ndege wa kwanza anapofika. Akikuona atawageuza wenzake. Subiri watatu au wanne waanze kula.

4. Saa moja hadi saa mbili na nusu. Hii ndiyo saa ya picha. Mwanga una rangi, haujawa mkali, na unaingia chini ya majani. Mtafute turako wa Fischer, wa kijani mwenye kishungi chenye wekundu. Akitulia matawini huwezi kumtenganisha na majani. Akiruka, mabawa hufunguka mekundu mno, na wekundu huo una madini ya shaba kwelikweli. Jina lake ni la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyesafiri mto huu mwaka 1878. Mlenge kwenye tawi tupu analopitia kabla ya kuingia kwenye matunda. Turako hupenda kukimbia juu ya matawi, na ana njia zake.

5. Saa mbili na nusu. Mwanga wa msituni umeanza kuharibika: madoa meupe na vivuli vyeusi usoni pa kila ndege. Hamia mtoni au kwenye ziwa lililo karibu, ambako bado kuna uwazi. Hapo ni zamu ya mdiria, keremkerem, furukombe, kulastara, na yule korongo mweusi ambaye midomo yake ikifumba huacha mwanya katikati, uliotengenezwa kwa ajili ya kula konokono. Muulize kiongozi kuhusu bundi mkubwa mwekundu-kahawia anayekula samaki. Hushinda kwenye miti mikubwa inayoegemea maji, na wenyeji wachache hujua mti wake. Ukimpata, piga picha chache kwa mbali, bila flashi, na uondoke.

6. Saa nne. Maliza. Ndege wamenyamaza, joto linatetemesha hewa mbele ya lenzi, na picha utakazopiga kuanzia sasa utazifuta.

Ukiwa na bahati ya kukaa hadi ndani ya Aprili, tazama pia nyanda tupu za delta. Wakati wageni wa kaskazini wanaondoka, hufika ndege wengine kutoka Madagaska (Glareola ocularis), wenye mabawa marefu, wanaowinda wadudu hewani jioni.

KISANDUKU: Kamera na simu

*Kasi ya shata.* Ndege aliyetulia: 1/500 au zaidi. Anayekula na kutikisika: 1/1000. Anayeruka: 1/2000. Ikiwa mwanga hautoshi, pandisha ISO bila woga. Picha yenye chengachenga hurekebishika, iliyotikisika haina dawa.

*Fokasi.* Tumia ile inayoendelea kumfuata ndege, si ya kufunga mara moja. Lenga jicho. Manyoya yakiwa makali na jicho likiwa na ukungu, picha imekufa.

*Yangeyange na ndege wengine weupe.* Kamera hudanganywa na weupe kwenye mandhari ya giza na kuuchoma. Punguza mwanga kwa hatua moja hivi hadi uone mistari ya manyoya.

*Hondohondo na mbingu nyeupe.* Kinyume chake. Ongeza hatua moja au zaidi, la sivyo utapata kivuli chenye pembe.

*Simu peke yake.* Iweke nyuma ya jicho moja la darubini, uitulize kwa kidole gumba, na umpige ndege aliyekaa. Inahitaji mazoezi ya nyumbani kwanza, kwa kuku au njiwa. Simu pia hurekodi sauti vizuri kuliko watu wanavyodhani, na rekodi ya sauti mara nyingi hutambulisha ndege ambaye picha imeshindwa.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kubwa ni kucheza mlio wa ndege kwenye simu ili ajitokeze. Msimu huu dume analinda eneo lake. Akisikia mpinzani asiyeonekana, ataacha kulisha na kulinda kiota amtafute adui wa hewani. Baadhi ya viongozi hulifanya hili kumfurahisha mgeni. Mwambie kiongozi wako mapema kwamba hutaki, na kwamba malipo yake hayapungui kwa ndege ambaye hakuonekana.

La pili ni viota. Usikate tawi “kidogo tu” ili kiota kionekane. Jani lile ulilolitoa ndilo lililokuwa likimficha kinda na jua na mwewe. Eneo la Garsen linajulikana tangu zamani kwa makoloni ya kutagia ya yangeyange na makorongo, ambayo hushamiri mafuriko yakiwa mazuri. Ukiyakaribia na mtumbwi, wazazi wote huruka pamoja, na makinda hubaki wazi mbele ya kunguru na kenge. Tazama kutoka mbali kiasi kwamba hakuna hata mmoja anayesimama kwa ajili yako.

Mengine ni madogo lakini yanaudhi. Kutazama kioo cha kamera baada ya kila picha, huku ndege anafanya jambo zuri zaidi mbele yako. Kutoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia nayo moja kwa moja kwenye unyevu wa alfajiri: lenzi itajaa ukungu saa nzima. Lala na feni, au iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa nje ya chumba nusu saa kabla. Kubadilisha lenzi kwenye vumbi la njiani. Na kuiamini programu ya simu kuliko macho. Merlin husaidia kupendekeza, lakini ikikutajia ndege ambaye kitabu kinasema hafiki pwani, shikilia kitabu.

Tahadhari

Usivae nguo za mabaka ya kijeshi, hata kofia. Kenya nzima zitakuletea matatizo, na barabara hii zaidi. Kahawia na kijani cha kawaida vinatosha.

Usipige picha za polisi, vizuizi wala madaraja yenye ulinzi. Funga lenzi kwenye mfuko unapopita. Droni ni marufuku kwako kama huna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga (KCAA), na hata ukiwa nacho, hapa si pa kuirusha.

Mamba: kaa mbali na ukingo wa maji, usichuchumae kunawa, na usiingie kwenye maji ya goti kumfuata mdiria. Mtumbwini, dai jaketi la kuokolea. Likikosekana, piga picha ukiwa nchi kavu.

Miiba ya mathenge hupenya ndala na hata viatu vya raba. Vaa soli nene. Mikono mirefu na dawa ya mbu ni lazima, malaria ipo, na kabla ya kuketi angalia siafu na nyoka.

Watu si mandhari. Wafugaji wa Kiorma wakifika na ng'ombe wao mtoni, toa salamu kwanza, eleza unachofanya, na omba ruhusa kabla ya kuelekeza lenzi upande wao, hasa kwa akina mama. Mashamba ya Wapokomo kando ya mto yana mipaka ambayo wewe huioni. Mpunga na migomba ni ya mtu. Mzee ukimkuta, shikamoo yako ije kabla ya swali lako.

Orodha ya mfukoni

☐ Darubini (8x42 inatosha) na kitambaa safi cha lenzi
☐ Kamera au simu, betri ya ziada, kadi tupu
☐ Mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera mvua ikishuka
☐ Daftari na penseli. Wino huyeyuka kwa jasho
☐ Maji lita mbili kwa kila mtu, na kifungua kinywa kisicho na karatasi za kelele
☐ Kofia, mikono mirefu, viatu vya soli nene
☐ Tochi
☐ Kitambulisho
☐ Pesa taslimu kidogo, maana M-Pesa bila mtandao haisaidii
☐ Namba ya simu ya kiongozi na ya mtu wa mjini anayejua mmekwenda wapi

Ukirudi chumbani

Fanya siku hiyohiyo, kabla ya usingizi wa mchana kukuzidi. Nakili picha mahali pawili. Futa zile ambazo jicho la ndege halionekani. Kisha linganisha daftari na kitabu, na uweke alama ya kuuliza penye shaka. Orodha yenye alama za kuuliza huaminika kuliko isiyo nazo.

Delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu mwaka 2012, ikiwa na hekta 163,600, lakini watazamaji wa ndege wanaofika ni wachache sana ukilinganisha na Nairobi au Naivasha. Kwa hiyo asubuhi yako moja ina uzito. Itume kwenye Kenya Bird Map, ramani inayogawa nchi katika miraba ya kilomita tisa hivi kila upande. Orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutafuta ndani ya mraba mmoja, muda ambao tayari umeutumia ukiwa umeketi. Waliokuwa wamejificha na ukawatambua kwa sauti tu, waingize pia. Kwa bundi wa mtoni na kwa kiota chochote, taja mraba na uishie hapo. Usibandike mahali halisi kwenye mitandao ya kijamii, na ukumbuke kuzima alama ya eneo ambayo simu huiweka ndani ya picha yenyewe.

Picha moja au mbili nzuri zisafishe ukiwa mjini, uzitume kwa kiongozi na kwa mzee aliyekupokea. Mwenye shamba ambalo ulikaa ukingoni mwake naye asisahaulike, maana huenda hajawahi kumwona turako kwa karibu hivyo, na mkuyu ule uko kwake.